Mahindi ya Mama Kwenye Jabia

Kuna aibu za kuficha, na kuna aibu ambazo kijiji kizima kinazo, kwa hiyo hata ukizificha unajisumbua tu. Hii yangu ni ya aina ya pili. Ninaisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kutoka kwa wengine, ambao kila wakiisimulia wananiongezea kilo (eti nilikuwa na magunia manne ya mahindi, na mimi nilikuwa na nusu gunia, Mungu ni shahidi) na kwa sababu ninyi ni marafiki zangu, mtacheka lakini mtanipa chai baadaye.

Mimi ni mtoto wa Bungoma. Nililelewa kwa ugali, nikasomeshwa kwa ugali, na barua ya kunipeleka kufundisha kisiwani Pate ilipofika mama yangu hakuuliza usalama wala umbali, aliuliza, "Huko wanalima mahindi?" Nikamwambia sijui, nadhani wanakula wali na samaki. Mama akasema, "Basi utarudi umebaki masikio." Jina la kijiji sitalitaja, nimeshakipaka matope ya kutosha, lakini kiko mbele ya Faza, unashuka boti pale, unapanda pikipiki inayoogelea mchangani, na ukifika unaona nyumba za mawe na za makuti, msikiti, shule ya madarasa sita, mbuzi wasiomwogopa mtu yeyote, na bahari pande tatu. Hakuna mto wala bomba. Na visima vilivyopo maji yake ni ya chumvi, ya kufulia na kuoshea punda, ukiyanywa ulimi unakataa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Lali, mtu mpole mwenye kofia nyeupe na sauti ya chini, aliniwekea utaratibu tangu siku ya kwanza: kila siku ya pili punda anasimama mlangoni kwangu na madumu mawili ya maji matamu. Mimi ni mgeni, nisihangaike. Basi mgeni akawa hahangaiki kweli. Nikanywa, nikapika, nikaoga, nikaosha nywele, wiki tatu nzima, na hata siku moja haikunijia akilini kuuliza: maji haya, katika kijiji kisicho na mto wala bomba, yanatoka wapi?

Jirani yangu wa karibu alikuwa Bi Mwanaisha. Mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwepesi wa miguu na wa ulimi, na shingoni alining'iniza ufunguo kwenye kamba nyekundu. Nilidhani ni ufunguo wa sanduku lake la dhahabu. Siku yangu ya tatu pale alisimama nje ya bafu langu la makuti, akasikiliza ninavyojimwagia, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Mwalimu, hapa mtu haogi kama bata. Mai si yako pekeyo." Nikabaki na sabuni machoni. Tangu siku hiyo nikawa namwogopa, nikimwona anakuja njia hii napita ile. Kumbukeni hilo pia, kwa sababu kama nisingemwogopa ningemuuliza, na ningemuuliza msingekuwa na cha kucheka leo.

Basi mama akatuma mahindi. Nusu gunia, ya kwake mwenyewe, meupe, yamechambuliwa punje kwa punje, yakapanda basi hadi Mokowe, yakapanda boti, na ndani ya boti yakakaa chini kabisa, pale maji yanapochurura. Yalipofika kwangu Ijumaa jioni gunia lilikuwa linatoa jasho. Nikaingiza mkono ndani, nikasikia joto. Mtoto wa Bungoma akisikia joto ndani ya gunia la mahindi hawezi kulala. Anajua kesho ni ukungu na kesho kutwa ni ya kutupa. Yalitaka jua, na yalitaka mahali pakavu pa kuanikwa.

Kwangu kulikuwa na mchanga mtupu. Turubai sina. Lakini nyuma ya shule, hatua mia hivi kutoka dirishani kwangu, kulikuwa na sakafu. Jamani, sakafu! Saruji tupu, kubwa kuliko madarasa mawili, nyeupe, safi, imeinama kidogo upande mmoja, imezungushiwa ukuta mfupi wa kufika magotini, na kijilango cha mbao kimefungwa kwa kamba. Pembeni, chini ya mwinamo, kulikuwa na kijumba cha saruji kilichozama ardhini chenye mfuniko wa chuma na kufuli. Nilikuwa nimeiona tangu wiki ya kwanza na nikaifanyia utafiti wangu mwenyewe, bila kuuliza mtu. Nikaamua kwamba huo ni msingi wa jengo la serikali lililoishiwa fedha, na ule mfuniko wa chuma ni shimo la choo ambacho hakikumaliziwa.

(Mnaojua Lamu mmeshaanza kushika vichwa. Ngojeni.)

Kwa msiojua, ile inaitwa jabia. Mvua ikinyesha juu ya ile sakafu, maji yanateremka mpaka pembe ya chini, yanaingia kwenye tundu, yanatua kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, na hayo ndiyo maji ya kunywa ya kijiji mpaka mvua nyingine. Kile nilichokiita choo ndicho kilichokuwa kinakuja mlangoni kwangu juu ya punda kila siku ya pili. Nilikuwa nakinywa na majani ya chai.

Na Jumamosi ile haikuwa Jumamosi ya kawaida. Tulikuwa mwishoni mwa joto la kaskazi, mvua zinanukia, na kijiji kizima kilikuwa kimetoka Alhamisi kufagia ile sakafu na kuisugua, wanawake kwa fagio na wanaume kwa makumbi ya nazi, mimi nikiwa nimeenda Amu, yaani Lamu mjini, kununua chaki na betri za tochi. Ndiyo maana iling'aa vile. Ndani ya tangi kulikuwa kumebaki maji kiasi cha magoti, akiba ya mwisho, yanagawiwa kwa zamu, na ufunguo wa ule mfuniko ndio ulioning'inia shingoni mwa Bi Mwanaisha. Tundu la kuingizia maji lilikuwa limezibwa kwa tambara na jiwe, kwa sababu mvua ya kwanza hainywewi. Ya kwanza ni ya kuosha sakafu, inaachwa ipite pembeni, na mpaka watu wazima waridhike ndipo tundu linafunguliwa.

Hayo yote niliyajua saa kumi alasiri. Saa tatu asubuhi sikujua hata moja.

Asubuhi nikasimama mlangoni na gunia langu. Bi Mwanaisha alikuwa barazani kwake anachambua mchele. Nikafikiri, nimuulize? Nikakumbuka bata. Nikajiambia mwalimu mzima, nina cheti changu, niende kuomba ruhusa ya kuanika mahindi kwenye msingi wa watu walioshindwa kujenga? Nikazunguka nyuma ya shule. Huo ndio uamuzi mdogo wenyewe, wa kuzunguka nyumba moja ili nisisalimie mtu mmoja.

Nikafungua kamba ya kijilango. Nikaingia. Na niliingia na gambuti, ndugu zangu, zile gambuti zangu nyeusi nilizokuwa nazivaa kwendea chooni na kuvukia matope ya mikoko. Nikamwaga mahindi, nikayatandaza kwa miguu, hivi, nikiyaburuta kama tunavyofanya nyumbani. Yakawa yamelala pale juani yakipendeza mpaka machozi yakanitoka kidogo, maana nilikuwa nimepakumbuka nyumbani. Nikapiga picha nikamtumia mama. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Ona sasa, Mungu amekuandalia uwanja." Nikarudi kulala. Kijilango sikukifunga, kwa nini nifunge, nani ataiba mahindi yaliyolowa?

Mbuzi hawakuiba, walikaribishwa. Nilipoamka na kuchungulia dirishani saa tisa hivi, kulikuwa na mbuzi wanane juu ya jabia ya kijiji, wanakula mahindi ya mama yangu kwa adabu, mmoja mmoja, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na zile punje zake nyeusi ambazo sitazitaja kwa jina mkiwa mnakunywa chai.

Nikatoka mbio. Nikawafukuza. Na nikiwa nafukuza, nikasikia tone kwenye shingo.

Kwetu Bungoma mvua ina heshima. Inakusanya mawingu, inanguruma, inakupa muda wa kuanua nguo na kuita watoto. Ya kule kisiwani haibishi hodi. Nilitazama baharini nikaona ukuta mweupe unakuja juu ya maji, na kabla sijasema "Yesu" ulikuwa juu yangu. Nikakumbuka fagio la shule, nikalikimbilia, nikarudi, nikaanza kufagia mahindi kuelekea chini, kwa sababu sakafu imeinama na mahindi yenyewe yanataka kwenda huko. Nikayafikisha pembeni. Maji nayo yakayafuata, yakajaa pale pembeni kama karai, mahindi yakaanza kuelea. Nikatazama. Chini ya maji nikaona tambara limebanwa na jiwe.

Nikasema ahaa, mtaro umeziba.

Niliinua jiwe, nikatupa kando. Tambara lilikuwa limekazwa kweli, nikalivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga ukuta, likatoka, nikaanguka chali. Na maji yakapiga kelele moja nzito, gulp, yakaanza kushuka. Mahindi yakashuka nayo. Za mbuzi zikashuka nazo. Matope ya gambuti yakashuka. Mimi nikiwa nimekaa kwenye maji nikapiga makofi, wallahi nilipiga makofi, kwa kufurahi kwamba mtaro umezibuka.

Ndipo nikaona watu wanakuja. Wanatoka kila nyumba, wanawake wameshika leso zao, wanaume wamekunja kikoi, watoto, wazee, wote mbio, wote wananikimbilia mimi, wananyoosha mikono na kupiga kelele ambazo mvua ilizimeza. Moyo wangu ukajaa. Nikasema moyoni, angalia upendo wa watu hawa, wiki tatu tu nimekaa nao na wanakimbilia kuokoa mahindi yangu. Nikasimama, nikawapungia fagio, nikapiga ukelele, "Asanteni! Njooni upande huu! Mengi yameshapita, lakini msijali!"

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwanaisha. Aliacha viatu nje ya ukuta. Alikuja kwenye maji bila kuniangalia, akanipokonya lile tambara mkononi, akalisokota, akapiga magoti, akalikandamiza tunduni kwa ngumi zake mbili na kukaa juu yake, mvua inampiga mgongoni. Watu wote walisimama nje ya ukuta na hakuna aliyeingia mpaka amevua viatu. Nikaona miguu mitupu mingi sana. Kisha nikaona gambuti zangu.

"Vua zatu," akasema Bi Mwanaisha, taratibu.

Nikavua viatu.

"Wayua ulotenda?"

Nikasema, "Nilizibua mtaro."

Bwana Lali alikuwa ameingia, kofia yake imelowa imeshuka masikioni, akanishika kiwiko kama anavyomshika mtoto aliyekosea hesabu ubaoni. "Mwalimu Nafula," akasema, "huo si mtaro. Hayo ndiyo maji yetu ya kunywa." Akanieleza, kwa maneno machache, hayo niliyowaeleza ninyi mwanzoni. Kila sentensi yake ilinikata urefu. Alipofika kwenye maji ya akiba ya kiasi cha magoti nilikuwa nimeshabaki kimo cha mbuzi.

"Kuuliza kwauma?" Bi Mwanaisha akauliza kutoka pale alipokaa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Nilitazama watu nikaona hawakunitazama mimi, walitazama tundu, na mama mmoja mjamzito alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mvua ikakatika vile vile ilivyokuja, kama mtu aliyepita tu kusalimia, na jua likatoka, na mbingu ikawa samawati bila wingu hata la dawa.

Hapo mtu mwenye akili angelia na kuomba radhi. Mimi nikataka kurekebisha. Nikasema nitaingia mwenyewe ndani ya tangi nitoe mahindi, yote, punje kwa punje, nina mikono. Bwana Lali akasema kuna vijana wembamba wanaoingia kila mwaka. Nikasema hapana, kosa ni langu, nisipoingia sitalala. Watu wakatazamana. Bi Mwanaisha akamwachia mwingine tundu, akaja, akafungua kufuli kwa ule ufunguo, akafunua mfuniko, akanipima kwa macho kuanzia juu hadi katikati, na pale katikati akatulia kidogo.

"Haya," akasema. "Ngia."

Nikashusha miguu. Magoti yakapita. Mapaja yakapita kwa mabishano. Kisha nikafika mahali ambapo ugali wote wa Bungoma ulisimama na kusema hapa ndio mwisho wa safari. Nikajaribu kushuka, wapi. Nikajaribu kupanda, wapi. Miguu inacheza hewani ndani ya giza, kiwiliwili kiko nje juani, na kijiji kizima kimenizunguka.

"Maguu yamengia," akatangaza Bi Mwanaisha, "nyonga zimekataa."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama mjamzito, nakumbuka, alicheka akashika tumbo akakaa chini. Kisha wote. Mimi nikalia na kucheka kwa pamoja, kitu ambacho hakifanyi uso uwe mzuri. "Wanaume, mato kando!" Bi Mwanaisha akaamuru, na wanaume wote pale, na Bwana Lali, na imamu mwenyewe, wakageuka kutazama bahari kama askari kwenye gwaride, na wanawake wakavua leso, wakazipitisha chini ya makwapa yangu, nne upande huu nne upande ule, wakahesabu kwa pamoja na kuvuta. Mimi nikatoka, sketi yangu ikabaki shimoni. Nikafunikwa leso tano kwa mpigo kabla jicho lolote halijageuka. Sitasahau zile leso, zilikuwa na joto na harufu ya udi, na watu niliowamwagia maji yao ndio walionisitiri.

Lakini kicheko hakikurudisha maji. Vijana wembamba waliingia, wakatoa mahindi kwa vichungi, wakatoa na yale mengine. Mtu mmoja akasema yachujwe kwa kitambaa yachemshwe. Bi Mwanaisha akachota kidogo kwenye kifuu, akanusa, akayamwaga. "Tena ni mai ya kufulia," akasema. Jumapili yote tukayatoa kwa ndoo, mimi nikiwa katikati ya mstari, kanisa nikaliacha, sala yangu ikawa kupokea ndoo na kupitisha ndoo. Kila iliyopita nilijua ni chai ya nyumba fulani. Kwa siku zile mpaka mvua ije, na hakuna aliyejua itakuja lini, watu wangekwenda kuomba maji Faza, madumu machache, na kila nyumba ingepata dumu moja kwa siku mbili, hata kama wako kumi.

Jumapili jioni nilifunga begi. Nilimpigia mama nikamwambia ninarudi nyumbani, siwezi kuwafundisha watoto ambao nimewanyang'anya maji mdomoni. Nilidhani mama atasema njoo mwanangu. Mama akauliza, "Umeomba msamaha?" Nikasema nimebeba ndoo siku nzima. "Ndoo si mdomo," akasema. "Na ukiondoka, hao watu watabaki bila maji na bila mwalimu." Kisha, kwa sababu ni mama yangu, akauliza kama kuna mahindi yoyote yaliyopona.

Jumatatu asubuhi nikafungua mlango niende kumuaga Bwana Lali. Kizingitini kulikuwa na dumu. La manjano, dogo, limejaa, na mdomo wake umezibwa kwa kipande cha leso, chekundu chenye maua meupe. Nikaonja. Maji matamu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hapakuwa na mtu wala punda. Bi Mwanaisha alikuwa barazani anafagia, hakuinua kichwa.

Mimi ndiye niliyestahili kuwa wa mwisho kupata maji pale kijijini, na bado kuna mtu aliyekuwa ametoa yake. Nilikaa kizingitini na lile dumu mapajani kama mtoto mchanga, nikalia mpaka nikaona aibu kupoteza maji mengine tena kwa machozi. Nikafungua begi nikatoa nguo.

Darasani siku ile niliwakuta watoto wamekuja na vichupa vyao, maji ya kiasi cha kidole, wanavibusu badala ya kunywa. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilinikata zaidi. Nikaomba radhi mbele yao. Mchana nikaenda kwa wanawake kwenye ile jabia tupu nikaomba radhi tena, kwa mdomo, kama mama alivyosema, nikasema sikujua, na kutojua kwangu kulitokana na kiburi cha kutouliza. Mmoja akaitikia, "Yamepita, mwalimu." Wengine wakaendelea kushona mikeka. Nililipokea hilo.

Dumu likaja Jumatano. Likaja Ijumaa. Likaja Jumapili na Jumanne. Kila mara limezibwa kwa kipande kile kile cha leso, nami kila mara nalirudisha kizingitini tupu, na asubuhi halipo. Nilijifunza kuoga kwa kikombe. Nilijifunza kuosha uso kwa maji niliyooshea mchele. Na kila alasiri nilikuwa nasimama nje kutazama upande wa baharini, na nikigeuka naona kijiji kizima kimesimama nje, kila mtu mlangoni kwake, kinatazama kule kule.

Siku ya kumi na moja ulikuja ule ukuta mweupe.

Nilikuwa ubaoni. Niliacha chaki, nikakimbia, nikafika kwenye jabia wa pili, wa kwanza alikuwa Bi Mwanaisha, tukavua viatu pamoja kwenye kijilango. Tukafagia. Watu wakaja wakafagia, maji ya kwanza yakaondoka na mavumbi, tukayaacha yapite pembeni kwenye mchanga, tukaosha, tukaosha tena, mvua inazidi, nami nilikuwa nimesimama mbali na lile tundu kuliko mtu yeyote, karibu na ukuta, mikono nimeifunga mgongoni nisije nikagusa kitu.

Bi Mwanaisha akachota maji pembeni kwa kiganja, akayatazama, akaonja. Akaniita kwa kidole.

"Sasa," akasema. "Yeo ndiyo uvute."

Nikasema, "Mimi?"

"Hapa nani mwengine ayuaye kulivuta?" Watu wakacheka, kicheko kizuri safari hii. Nikapiga magoti. Nikaondoa jiwe nikaliweka taratibu. Nikashika tambara, na mkono wa Bi Mwanaisha ulikuwa pale kunisaidia, leso yake imelowa imegandamana na kichwa, nyekundu, yenye maua meupe. Pembe moja haikuwepo. Ilikuwa imechanwa, kiasi cha kuziba mdomo wa dumu.

Nilimtazama. Nyumba yake ina watu saba.

"Bi Mwanaisha," nikasema, nikaigusa ile pembe iliyochanwa.

Akawa anatazama tundu, si mimi. "Mkosa naye ana koo, mwalimu," akasema. "Haya, vuta, mai yaenda."

Nikavuta. Maji yakaingia yakiwa safi, na kelele yake ilikuwa ile ile ya siku ile, lakini safari hii nilikuwa najua ninasikia nini.

Mahindi nayo yana mambo yake. Yale tuliyoyatupa na maji nyuma ya ukuta yaliota. Kwenye mchanga ule, jamani, yakaota mistari mitatu myembamba ya kijani, na mbuzi waliachiwa mji mzima lakini pale palizungushiwa miiba, na paliitwa shamba la mwalimu. Yalizaa vijigunzi vya urefu wa kidole. Bi Mwanaisha alichoma kimoja akaniletea barazani kwangu, nikagawana naye, kilikuwa na punje kumi na nne na chumvi yake mwenyewe, nikampigia mama nikamwambia ndiyo, mama, kuna yaliyopona.

Nina mwaka wa tatu sasa pale, na sijaomba uhamisho. Kiapo changu ni kimoja, na nimekishika hata ninaporudi kwetu Bungoma, mpaka dada zangu wananiona nimerogwa. Nikifika mahali pageni, kabla sijauliza choo kiko wapi, namtafuta yule mtu ninayemwogopa kuliko wote, namwamkia, namuuliza maji wanayokunywa yanatoka wapi. Na hata kabla hajanijibu, navua viatu.